Vijiko Vitatu vya Bi Hasna

Jumanne aliyoacha sukari, Bi Hasna binti Nuhu aliamka akakuta mawese yameganda kwenye chupa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, na Ujiji ikipoa mawese hushikamana kama samli. Ikabidi azipange chupa kuzunguka jiko la mkaa ili yayeyuke kabla wateja hawajafika barazani. Alipomaliza akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wa kushoto wenye kidonda, akajimiminia chai, akafungua kopo la sukari, akalitazama. Kisha akalifunga.

Jana yake, tabibu wa zahanati, kijana mwenye sauti ya upole kama mtu anayeomba nauli, alikuwa amemfungua bandeji ya kidole gumba, akainama, akanusa.

"Bibi, hapa pana mawili. Ama unaacha sukari, ama mguu unakuacha wewe."

"Na nikiachana na vyote viwili?"

"Hapo utakuwa umetuacha sisi."

Bi Hasna alikuwa na miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakuwahi kukitaja. Tangu ameota meno alikuwa akinywa chai ya vijiko vitatu. Mumewe alipomhama na kwenda kuishi na muuza dagaa wa Kibirizi, aliongeza cha nne kwa mwezi mmoja wa majonzi, halafu akarudi kwenye vitatu, maana alikuwa mtu wa kiasi.

Kunywa chai bila kukoroga aliona ni kama kuingia kwa watu bila hodi. Kwa hiyo akachukua kijiko kitupu, akakichovya mara tatu kama anayetia, akakoroga, akanywa. Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Akaimaliza, maana hakuwa mtu wa kumwaga.

Uani kwake palikuwa na banda alilokuwa akiweka mapipa ya mawese. Mwaka ule wa tisini na sita, watu walipoanza kuvuka ziwa kutoka Kongo kwa makundi, mapipa yalihamia barazani, na bandani wakakaa mzee Selestini na binti yake Yusta. Bi Hasna aliwaokota Kibirizi. Alikuwa amekwenda kununua dagaa na kuangalia kama mumewe wa zamani amezeeka. Alikuta amezeeka. Kwa furaha hiyo akarudi na wageni wawili.

Mzee Selestini alikuwa karani wa ghala kule Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa miaka thelathini, na hata baada ya siku mbili ndani ya boti alishuka na tai yake shingoni. Siku waliyokimbia alikuwa amebandika maharage jikoni. Chungu kilibaki motoni, wao wakaenda ziwani na nguo zao za mwilini. Tangu hapo mzee hakula. Si kwamba alikuwa amegoma. Alieleza kwa adabu, kila alipokaribishwa, kwamba mtu hawezi kwenda kula kwa watu na kwake kuna chakula kimeiva. Akirudi atakula yale kwanza, mengine yatafuata. Chai alikubali, kwa sababu chai si chakula.

Chai yenyewe ilikuwa maji na majani ya mchaichai. Yusta alifua nguo za watu na hakuwa na njia ya kupata sukari. Mkanda wa mzee ulikuwa umemaliza matundu yake yote, na Yusta alikuwa ametoboa la ziada kwa msumari.

Jumanne ile Yusta alikuja jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee kaamkaje?"

"Ameamka. Mama, weye ulitia sukari mu chai ya baba?"

"Sijatia. Hata yangu sijatia."

"Iko tamu," Yusta akasema, akampa.

Bi Hasna akaonja. Vijiko vitatu. Ulimi wake haukuwa umesoma, lakini katika somo hilo ulikuwa mwalimu mkuu.

Jumatano wakapima. Bi Hasna akatia kijiko kimoja kwenye chai yake na kuviacha viwili, na kikombe cha mzee kikawa na viwili. Alhamisi akatia vyote vitatu, cha mzee kikawa chungu, na mzee akatuma kuuliza, kwa heshima zote, kama nyumba kubwa kuna msiba. Kuanzia Ijumaa hakutia hata kimoja, mambo yakaisha hapo.

Bi Saumu, jirani wa ukuta mmoja, alisimuliwa huku akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Kwani ulidhani inakwenda wapi? Mumeo alipokuacha aliyeyuka hewani? Si alikwenda kwa mtu."

"Angalau hii imekwenda kwa mzee mwenye adabu."

"Hilo kweli," Bi Saumu akasema, akatupa kijiwe.

Siku kumi za mwanzo Bi Hasna aliumwa kichwa. Aligombana na jogoo wake, akagombana na mteja aliyesema chupa haijajaa, akamrudia jogoo kuona kama kuna neno alilolisahau. Mikono ilimtetemeka saa kumi alasiri, saa ya chai ya pili, na jioni alipita barabarani akinusa milango ya watu kama mpelelezi. Lakini kidonda kikaanza kukauka pembeni. Bandani, mkanda wa mzee ukarudi tundu la zamani, halafu la nyuma yake. Asubuhi alikuwa akitoka na tai yake na kusimama mbele ya jiko.

"Mama, aksanti kwa kuteseka."

"Usinishukuru, mzee. Angalia tu usije ukanenepa ukanibomolea banda."

"Mungu atakulipa."

"Anilipe visheti."

Bafu la uani lilikuwa la mabati pande tatu, na upande wa nne lilining'inia pazia la viroba vyeupe vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja na picha ya kikombe cha bluu na maandishi chini yake. Asubuhi moja mzee aliingia kuoga akakawia. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika na yeye bado yumo. Alipotoka, tai shingoni na mgongo bado umelowa, alikuja moja kwa moja barazani.

"Mama, lile pazia umelinunua wapi?"

"Sikununua. Viroba vitupu vya Abdulkarimu, mtoto wa kaka yangu, huyo mwenye duka hapo mbele. Sukari ikiisha naomba kiroba."

"Miaka makumi matatu mimi nilisoma viroba," mzee akasema. "Kiroba ni barua. Kinaandikwa kinatoka kwa nani, kinakwenda kwa nani. Wewe unaogea nyuma ya barua zangu."

Akamwongoza hadi bafuni, akaweka kidole kwenye Kifaransa, akasoma polepole kama anayempokelea mtu mzigo: msaada kwa wakimbizi, kwa wazee, wagonjwa na watoto wachanga, ni marufuku kuuza. Bi Hasna akatazama. Kwa mwaka mzima alikuwa ameyaona maandishi yale kila siku akiwa hana nguo, akidhani ni marembo.

"Kwa hiyo sukari yote niliyokunywa..."

"Ilikuwa yangu," mzee akasema bila uchungu. "Na ya wenzangu. Sasa nakunywa mimi. Karatasi imekaa sawa." Akauliza kama chai iko tayari.

Bi Hasna akavuka barabara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sukari hii inatoka wapi, Abdulkarimu?"

"Kwenye lori."

"Na lori linatoka wapi?"

"Kambini."

"Na kambini inatoka wapi?"

"Shangazi, ukiendelea hivyo utafika Ulaya." Abdulkarimu alikuwa akifuta mizani, na hakuacha. "Wanashusha kwa kila mtu, mpaka Kalinzi huko juu wanapandisha. Nikikataa mimi, mtaa huu wote utakunywa chai chungu."

"Mimi nakunywa chungu."

"Basi wewe umeshazoea."

Hapo Bi Hasna akafanya kosa lake. Kwa mtu wa Ujiji jambo zito haliendewi mikono mitupu wala bila maelezo ya kutosha. Alivaa kanga mpya, akakata kiroba kimoja kutoka kwenye pazia, akakikunja vizuri, akakipeleka ofisini kwa wakubwa wa wakimbizi. Alieleza mwanzo hadi mwisho. Alieleza hata yasiyoulizwa, maana aliona haya kujifanya anajua Kifaransa. Akasema aliyemsomea ni mgeni wake, mzee mmoja kutoka ng'ambo, anakaa bandani kwake. Walimshukuru sana. Kiroba wakabaki nacho.

Baada ya wiki akaja Bwana Bonaventura, afisa mwenye kalamu tatu mfukoni. Kuhusu kiroba hakuwa na swali. Alikuja kwa ajili ya mgeni aliyekisoma, kwa kuwa mkimbizi mahali pake ni kambini, na huyu alikuwa akilala mjini bila kuandikwa. Bi Hasna akamkaribisha kwenye mkeka, akamwekea chai na kopo la sukari, ambalo sasa lilikuwa la wageni tu. Bwana Bonaventura akatia vijiko vinne, akafungua daftari.

"Huyu mzee anakula nini?"

"Hali. Ana chakula kwake."

"Anaishije?"

"Kwa sukari."

"Sukari anapata wapi?"

"Kwangu."

"Kwa hiyo unampa."

"Simpi. Naiacha, yeye anaipata."

Bwana Bonaventura akapitisha kalamu kwenye fomu. Palikuwa na nafasi ya kupewa, ya kununua na ya kulima. Nafasi ya kuachiwa haikuwepo. Akafikiri, akaandika pembeni kwa herufi nzuri: *anapata sukari kwa njia nyingine.* Akafunga daftari, akamaliza chai yake.

"Sukari yenu safi. Mnanunua wapi?"

"Hapo kwa Abdulkarimu."

"Ahaa. Hata sisi tunachukua hapo."

Jumatatu lori likaja. Lilikuwa lile lile; sakafuni mlikuwa na punje nyeupe kwenye nyufa za mbao. Mzee Selestini alipopandishwa, alipangusa pa kukalia kwa kiganja, akalamba kidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Yusta alipanda na ndoo na mkeka.

"Mama," mzee akasema kutoka juu, "usife."

"Sina mpango huo."

"Na usile sukari."

"Hapo ndipo penye kazi."

Kambini wazee wasioweza kula waliandikwa kupewa sukari ya uji. Selestini hakuandikwa, maana daftari lilionyesha anapata kwa njia nyingine. Yusta alituma habari hiyo kwa dereva wa lori la kuni, na Bi Hasna akaipokea amesimama, kisha akakaa. Sasa mzee alikuwa na yeye tu. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu saa kumi, vitatu baada ya magharibi, na yeye akiteleza, mzee amekosa.

Miezi miwili alikwenda hivyo. Alichovya kijiko kitupu, akakoroga, akanywa. Hakuna aliyekuja tena na kikombe kumwambia iko tamu. Bandani mapipa yalikuwa yamerudi. Mzee alipokuwepo, Bi Hasna alikuwa akiona mashavu yake yakijaa na anajua uchungu wake umekwenda wapi. Sasa alikuwa anakunywa uchungu na kuuagizia usiku na mchana uende mahali asipopajua, na hakuna risiti. Alichoka. Alichoka magoti, akachoka ulimi, akachoka hata kumsimulia Bi Saumu kwamba amechoka.

Na sukari ndani ya nyumba ilikuwepo. Kopo lake, la bati lenye ng'ombe mwekundu ubavuni, alilijaza kila lilipopungua, kwa ajili ya wageni. Kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kumwambia usirudi. Alinunua kwa Abdulkarimu. Alijua ni ya nani, akanunua, akasema Mungu atusamehe, akafunika.

Ndipo ikafika hitima ya arobaini ya kaka yake Bi Saumu, kule Katubuka. Wanawake walikaa uani kwenye majamvi, chai ikaja kwenye sufuria la watu mia, imeshatiwa sukari kutoka jikoni. Kwenye nyumba ya msiba hakuna mtu anayesema mimi chai yangu mbali. Ukisema hivyo umekalisha maradhi yako juu ya maiti wa wenzako. Bi Hasna alipokea kikombe. Cha kwanza alikunywa kwa ajili ya marehemu. Cha pili ulimi uliomba wenyewe. Cha tatu hakuna aliyemwuliza na yeye hakuuliza mtu. Alipoondoka alikuwa na visheti vinne amevifunga kwenye pindo la kanga, na kabla hajafika kona ya kwanza pindo lilikuwa jepesi.

Nyumbani akafungua kopo la wageni. Alikula kwa kijiko, amesimama, kanga kichwani, uso ameuelekeza ukutani ili jogoo asimwone. Punje zilimlia kinywani kama mchanga wa ufukweni. Alikula mpaka ng'ombe mwekundu akalia bati. Akajipangusa midomo, akajiambia kesho.

Kesho akasema ataanza Ijumaa, maana Ijumaa ni siku njema. Ijumaa ilipofika akaiona njema mno kuiharibu kwa chai chungu. Jumamosi akamtuma mtu kwa Abdulkarimu. Alikuwa na maneno mengi ya kujifariji wiki ile. Kambi ni nusu siku kwa lori. Kijiko hakina miguu, bila shaka huwa kinadondoka pale mtoni kwenye daraja. Tena kambini kuna wakubwa na Wazungu, hawawezi kumwacha mzee wa watu. Tena yeye ni mtu mzima, amesalia na miaka mingapi ya kunywa chai? Maneno yote yalikuwa mazuri. Kidonda kikaanza kutoa maji.

Siku ya kumi, adhuhuri, lori la kuni likasimama. Yusta akashuka amejifunga kitambaa cheusi, na furushi dogo mkononi. Bi Hasna alikuwa barazani na Bi Saumu, anatafuna kisheti. Yusta akamtazama, akakaa chini palepale njiani, akalia. Alipomaliza akajipangusa, akasogea, akasalimu.

"Shikamoo mama. Tulikuzika."

"Marahaba. Lini?"

"Alhamisi."

Bi Saumu akamsogezea kigoda. Yusta akaeleza. Chai ilikuwa chungu ghafla, jioni moja, halafu asubuhi, halafu tena. Baba akasema mama hawezi kutuacha, basi amekufa. Watu wote wa Baraka wa mstari wao wa mahema wakakaa matanga siku tatu. Chai ya matanga nayo ilikuwa chungu. Walilia hata wasiomjua, tena vizuri. Katekista Martini akasimama akasema maneno juu ya marehemu.

"Alisema nini?" Bi Hasna akauliza.

"Alisema ulikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache."

Hapo Bi Saumu alishika ukuta.

"Na mzee?" Bi Hasna akauliza. Kisheti kilikuwa kimesimama shavuni.

"Analala tu. Hanywi. Anasema chai ya chungu alikwisha kunywa kwa kilio chako, hawezi kuifanya tena." Yusta alitazama mikono yake. "Mkanda nilitoboa tundu mbili. Nilienda kwa wenye orodha. Wakafungua kitabu, wakasema huyu anapata kwa njia nyingine. Nikasema hiyo njia imekufa. Wakasema, lete cheti cha kifo."

"Kwa hiyo umekuja..."

"Nilikuja kutafuta cheti chako, mama."

Bi Hasna akalifikiria jambo hilo kwa haki. Kufa kwenye karatasi kusingemuuma. Mzee angeandikwa, angepata sukari yake mchana kweupe, na yeye angekunywa chai yake ya vijiko vitatu kama marehemu wengine.

"Cheti cha kaka kinatoka lini?" akamwuliza Bi Saumu.

"Walisema turudi baada ya miezi mitatu. Halafu wanataka na hela ya mhuri."

"Mzee hana miezi mitatu," Bi Hasna akasema.

Akatema kisheti mkononi, akamrushia jogoo, ambaye alikipokea bila maneno. Haikuwa saa ya chai. Akapuliza mkaa hivyo hivyo, akabandika birika, akamimina, akakaa na kikombe mapajani huku kopo limefunguka mbele yake, maana alikuwa ametoka kulitumia. Ulimi ulimsihi. Uliomba kimoja tu, cha kuagana. Mkono ulikwenda mpaka mdomoni mwa kopo, ukakaa pale muda wa mtu kusoma Fatiha, ukarudi. Akachovya kijiko kitupu mara tatu, akakoroga, akanywa mbele ya Yusta mpaka majani. Machozi yalimtoka. Akasema ni moshi.

Msamaha hakuomba na Yusta hakudai. Yusta akafungua furushi, akamwekea mbele maharage ya mgao, kibaba na nusu.

"Ya nini?"

"Rambirambi. Watu walichanga. Baba alisema nikute ndugu zako niwape."

"Rudi nayo, mwanangu, nyie ndio mna njaa."

"Rambirambi hairudi, mama."

Kweli hairudi. Bi Hasna akayapokea kwa niaba ya ndugu zake. Na yeye, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, akalifunga lile kopo la ng'ombe mwekundu, limejaa, akampa ampelekee mzee. Yusta akapanda lori la kuni likirudi.

Kwenye kizuizi cha kambi askari alilifungua kopo, akauliza kibali cha kuingiza sukari. Kibali hakikuwepo. Sukari kuingia kambini kwa mikono ya mkimbizi ni kosa, akaeleza vizuri tu, akabaki nalo. Wiki iliyofuata Bi Hasna alikuta kopo lake kwa Abdulkarimu juu ya meza, linatumika kupimia.

"Limekujaje?"

"Limekuja na mzigo, shangazi."

Dereva wa kuni alileta habari siku ya nne tangu Yusta aondoke. Mzee Selestini alikuwa ameamka na kuomba kikombe. Alionja, akauliza ni nani huyu anayewatumia, ikiwa yule walimzika. Yusta akamwambia ni yule yule. Mzee akasema basi matanga yalifaa, akanywa, akadai tai yake. Maharage bado hali. Yake yako jikoni Baraka. Kwenye daftari bado imeandikwa kwamba anapata kwa njia nyingine, na sasa wamepiga mhuri juu yake.

Bi Hasna aliyapika maharage ya matanga yake, akala peke yake. Yalikuwa magumu. Tabibu alimfungua kidole, akanusa, akasema mguu bado unafikiria. Akamwuliza kama safari hii ameacha kweli.

"Nimeacha leo," Bi Hasna akasema. Kesho yake alisema hivyo hivyo.

Alasiri moja, saa kumi kasoro, lori likasimama mbele ya duka la Abdulkarimu. Wapagazi wawili wakaanza kushusha viroba, kikombe cha bluu kikitazama barabarani, kimoja baada ya kingine, wakivipanga ukutani kama wanajenga nyumba. Bwana Bonaventura alikuwa amesimama kivulini na kalamu zake, anangoja chake. Barazani Bi Hasna alikuwa amenyoosha mguu, kikombe mkononi, anachovya kijiko. Kimoja. Viwili. Vitatu.

Mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye jasho, akavuka.

"Shikamoo bibi. Naomba chai, koo limekauka."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akammiminia. Yule akanywa funda moja, akatazama ndani ya kikombe. Mgongoni na mabegani alikuwa mweupe kwa vumbi la sukari, na inzi watatu walikuwa wamemfuata.

"Bibi, mbona chai haina sukari?"

"Yangu imeshakwenda," Bi Hasna akasema, akiendelea kukoroga. "Mmepishana nayo njiani."

Mpagazi akafikiri. Akasema ni kweli, pale mlimani baada ya daraja walipishana na kitu. Akamaliza chai ile kama ilivyo, akashukuru, akarudi kushusha viroba.